Kundi la Alfajiri

Sirad Dubow alipoitwa mbele ya kamati ya utafiti ya chuo chetu, alikuwa amefunga Ramadhani siku ya kumi na tatu, na sauti yake ilikuwa imekauka kabla hata hajaanza kusema. Ilikuwa Alhamisi, mwisho wa Novemba mwaka 2001. Mimi, Mutindi, fundi wa maabara, niliingia naye kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye ukurasa wa wafanyakazi wa mradi. Niliwekwa kwenye kiti cha nyuma karibu na mlango, nikaambiwa nisiseme lolote mpaka niulizwe. Sikuulizwa.

Kila mwaka chuo kilitenga fungu dogo kwa utafiti wa wahadhiri wake wenyewe. Maombi yalikuwa mengi kuliko fungu lenyewe, na wakubwa ndio waliozoea kupata. Sirad alikuwa daktari wa mifugo, mwenye miaka thelathini na mitatu, mhadhiri wa ngazi ya chini kabisa. Alikuwa ameomba mara mbili akanyimwa. Mara ya kwanza waliandika kwamba hana uzoefu. Mara ya pili hawakuandika sababu. Safari hii ndiyo kwanza aliitwa kujieleza, na hilo tu lilitosha kumnyima usingizi wiki nzima.

Alichotaka kuchunguza ni ugonjwa wa nyumbu. Kila mwaka, kuanzia Januari mpaka Machi, nyumbu huzalia kwenye mbuga za Kitengela. Ndama wao huwa na ugonjwa ambao wenyewe hauwadhuru, lakini ng'ombe akila nyasi walizopita ndama hao, baada ya wiki kadhaa anapata homa, kamasi zinamtoka, macho yanageuka meupe, anakufa. Tiba hakuna. Wamaasai wamejua hivyo tangu zamani, na walikuwa wakihamisha ng'ombe mapema, wakiwaachia nyumbu mbuga mpaka ndama wao wakue. Lakini miaka hiyo mashamba yalikuwa yamegawanywa na kuuzwa, seng'enge zimewekwa kila upande, na baadhi ya familia hazikuwa tena na pa kwenda. Zilibaki palepale na ng'ombe wao, nyumbu wakizaa mbele ya macho yao.

Sirad alijua kwamba vimelea vya ugonjwa huo havistahimili jua kali. Swali lake lilikuwa rahisi: je, familia iliyofungiwa ikiacha kutoa ng'ombe alfajiri, ikangoja mpaka saa nne nyasi zikauke, vifo vitapungua? Alikuwa amepata maboma sita yaliyokubali kujaribu.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Profesa Odero, mwanamume mrefu aliyekuwa akisoma karatasi huku amezishika mbali na macho. Alifika ukurasa wa saba akasimama.

"Maboma yote sita yatatoka saa nne?"

"Ndiyo, Profesa."

"Liko wapi kundi la kulinganishia?"

Sirad alifungua ukurasa wa saba wa nakala yake.

"Wote wakitoka saa nne na wasife," Profesa akasema, "utajuaje kwamba ni jua lililowaokoa? Pengine mwaka huo hakuna ugonjwa. Rekebisha. Maboma matatu yatoke saa nne, matatu yatoke alfajiri. Mpige kura."

"Profesa, hao wa alfajiri watakufa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Kama una hakika, huhitaji pesa zetu. Kama huna hakika, unahitaji kundi la kulinganishia." Hakusema kwa kejeli. Aliandika kitu kwenye karatasi yake. "Tuletee marekebisho Jumatatu kabla ya saa kumi na moja jioni, nakala saba, na sahihi ya mkuu wa kitivo. Nyumbu hawatungojei, na sisi hatutakungojea."

Tulipotoka, Sirad alisimama kwenye ngazi muda mrefu. Nilimwuliza kama yuko sawa.

"Amesema kweli," akanijibu. "Hilo ndilo linaloniudhi."

*

Jumamosi asubuhi tulienda Kitengela kwa gari lake kuukuu. Tulipita mjini, tukaacha lami, tukafuata njia ya mawe mpaka boma la Mzee Lesiamon. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha vizuri na nyumbu walikuwa wameanza kutoka kwenye hifadhi ya wanyama iliyo jirani. Tuliwaona upande wa kushoto, weusi, wametawanyika hadi macho yanapofikia. Kila tulipopata kundi, Sirad alipunguza mwendo. Majike yalikuwa yamevimba matumbo. Zilibaki wiki sita hivi.

Lesiamon alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Ukame wa mwaka uliotangulia ulikuwa umemmalizia zaidi ya nusu ya ng'ombe, na hao waliobaki aliwatazama kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Upande wa kusini, mahali alipokuwa akihamishia ng'ombe, palikuwa na ua mpya wa waya na kibao cha kuuza ploti. Mkewe, Kakenya, alitutolea viti viwili na kusalimu. Alitaka kuleta chai, akakumbuka Sirad amefunga, akarudi kuketi.

Sirad hakuzunguka. Alimweleza Lesiamon yote kama yalivyosemwa: kwamba kamati inataka maboma matatu yaendelee kutoka alfajiri, ili matatu mengine yapimwe kwayo.

"Nani atachagua?" Lesiamon aliuliza.

"Tutapiga kura, Mzee. Tutaandika majina kwenye karatasi."

"Kwa hivyo karatasi ndio itachagua ng'ombe ya nani itakufa."

"Mzee, unaweza kukataa. Mtu yeyote anaweza kukataa."

"Na nikikataa?"

"Hawatanipa ruzuku. Utafiti hautafanyika mwaka huu."

Lesiamon aliangalia fimbo yake. "Daktari, wewe umekuja hapa mara tano. Ulisema iko kitu inaweza saidia. Sasa nikijua iko kitu inaweza saidia, halafu nitoe ng'ombe yangu asubuhi na mapema ndio wewe uandike, mimi nitakuwa mtu wa aina gani?"

Lesiamon alisimama, akamwambia mkewe maneno mawili kwa Kimaa, akaenda zake kwa ng'ombe. Hakuaga.

Tulikaa pale na viti vyetu. Nilifikiri tutaondoka. Kwa maboma mengine jibu lingekuwa lile lile, na kama lingekuwa tofauti lingekuwa baya zaidi, maana wangekuwa wamekubali kwa sababu wanamheshimu Sirad. Aliniambia hivyo kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, nadhani akisahau kwamba Kakenya anasikia.

"Hao ng'ombe wa alfajiri," Kakenya akasema. "Mnawatafutia nini?"

Sirad akamgeukia. "Tuwahesabu waliokufa, Mama."

"Si tuko nao tayari? Mwaka huu unaisha, mwaka jana, na ule mwingine. Sisi wote tulikuwa tunatoa asubuhi na mapema, hakuna mtu alijua mambo ya jua. Wakakufa. Hesabu hao."

Sirad alimtazama kama amesemeshwa na mtu aliyemjua siku nyingi. "Unawakumbuka?"

Kakenya hata hakuelewa swali. Ng'ombe wa maziwa walikuwa wake, yeye ndiye aliyewakama asubuhi na jioni. Alianza papo hapo. Yule wa madoa, mtoto wa mweusi aliyepewa na mama yake siku ya harusi, alikufa mvua kubwa ya mwaka 1999, macho meupe, siku nne. Yule wa kijivu asiye na pembe, mwaka uo huo, siku sita. Huyu si wa nyumbu, huyu alikufa kwa njaa, msimweke. Sirad alikuwa ameshatoa penseli. Alimwuliza macho yalikuwaje, kamasi, manyoya, siku ngapi.

Kwa misimu mitatu, boma lile lilikuwa limepoteza ng'ombe ishirini.

Siku ile na Jumapili tulizunguka maboma yote sita. Kila mahali Sirad aliwatafuta wanawake kwanza. Orodha ilifika sabini na mmoja.

*

Jumatatu haikuwa siku nzuri. Sirad alichapa marekebisho katika duka la kompyuta mjini Kitengela, akayabeba kwa disketi mpaka chuoni, tukatoa nakala saba. Saa tisa tulikuwa nje ya ofisi ya mkuu wa kitivo. Mkuu alisoma kurasa mbili akavua miwani.

"Wamekuambia uweke kundi la alfajiri. Wewe umewaletea hadithi za kina mama."

"Ni kumbukumbu za vifo, Daktari. Zina dalili na majira."

"Wamekupa sharti moja, ukakataa sharti hilo hilo." Aliiacha kalamu juu ya meza. "Nikitia sahihi, watafikiri nimekubaliana nawe."

"Basi andika kwamba hukukubaliana."

Nilifikiri amefanya kosa. Mkuu alimtazama, akachukua kalamu, akaandika chini ya ukurasa wa mwisho kwamba ameona marekebisho na hayaungi mkono, kisha akatia sahihi. Tulikimbia. Katibu wa kamati alipokea bahasha saa kumi na dakika arobaini, akapiga muhuri, hakutuangalia.

Jumatano simu ya maabara ililia. Alikuwa Profesa Odero. Nilimpa Sirad, nikamwona akisikiliza na kusema "ndiyo" mara tatu.

"Anataka kwenda mwenyewe," akasema alipoweka simu. "Kesho. Atawauliza mume na mke kila mmoja kivyake. Amesema nisiwaarifu."

"Peleka habari kwa mtu," nikamwambia. "Hata Mzee na mkewe wakumbushane tu."

"Hapana."

"Sirad, mtu husahau."

"Nikiwaarifu, haitakuwa kazi tena. Itakuwa mchezo wa kuigiza." Alikuwa amekasirika, na najua hakunikasirikia mimi.

Alhamisi tulienda na Land Rover ya chuo. Tulipofika, Profesa alitupanga kama mtu anayesimamia mtihani. Sirad abaki garini na mlango umefungwa. Yeye atakaa na Kakenya mbele ya nyumba. Mimi niende kwa Lesiamon penye zizi, nimwulize na kuandika, nisimsaidie hata kwa neno.

Lesiamon hakufurahi kuniona. Lakini nilipomweleza, alikaa juu ya jiwe akaanza kutaja. Alikwenda polepole. Mara alirudi nyuma, akapanga upya, akasema huyu alitangulia yule. Niliandika bila kuinua kichwa, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kuhesabu kimoyomoyo na sikutaka auone uso wangu. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa.

"Ni hao," akasema.

"Hakuna mwingine, Mzee?"

Hapo nilikuwa nimevunja sharti. Alinitazama. "Nimesema ni hao."

Profesa alitandaza karatasi zetu mbili juu ya boneti, yake na yangu, pamoja na ile orodha ya Sirad. Alipitisha kalamu ng'ombe kwa ng'ombe. Rangi zilifanana. Misimu ilifanana. Siku za kuugua zilipishana kidogo, hapa siku nne, pale siku tano. Nilianza kupumua. Kisha kalamu ikasimama.

"Mwekundu mwenye pembe moja iliyoshuka," akasema. "Mama anaye. Orodha ya Daktari inaye. Mzee hana."

Alimfungulia Sirad mlango, akawaita wenye boma wote wawili. Jua lilikuwa limetupiga utosini na Sirad alikuwa mweupe midomoni.

"Mzee," Profesa akasema, "mkeo anasema ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja chini alikufa Aprili mwaka huu. Ni kweli?"

Kakenya alianza kusema kitu kwa Kimaa, haraka, akakatizwa kwa mkono.

"Hiyo haikufia hapa," Lesiamon akasema.

"Ilifia wapi?"

"Niliuza."

"Ikiwa mzima?"

Lesiamon alisogeza kijiwe kwa fimbo yake.

"Macho ilikuwa imeanza kubadilika. Kidogo tu. Mtu hajui hawezi ona. Nilisema kesho kutwa itakuwa imekufa, na ile kiangazi ilikuwa imenimaliza. Nikaipeleka soko ya Kajiado. Kulikuwa na mnunuzi anapakia lori, akachukua, hakuangalia sana kwa sababu ananijua." Aliinua macho, lakini si kwa Profesa. Alimtazama Sirad. "Dubow."

Sirad alishika mlango wa gari.

"Dubow yupi?" Profesa aliuliza.

"Ni baba yangu," Sirad akasema. "Sikujua."

Profesa alimgeukia Lesiamon. "Wewe ulijua kwamba huyu ni mtoto wake?"

"Siku ya kwanza, aliposema jina."

"Ndiyo sababu ulimkubali?"

"Nilimkubali kwa sababu ng'ombe yangu inakufa," Lesiamon akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Lakini niko na haya. Kila akikuja hapa, niko na haya. Sasa andika."

Profesa aliandika. Kisha akauliza boma linalofuata liko umbali gani.

Alipima maboma mengine mawili kwa namna ile ile. Katika moja mume na mke walifanana kabisa. Katika jingine walipishana ng'ombe wawili na hawakuafikiana, wakabishana mbele yetu mpaka mwisho, na Profesa akaandika hilo nalo. Njiani kurudi, tulipofika lami, alimgeukia Sirad.

"Habari ya baba yako utaiandika," akasema. "Ukurasa wa kwanza, kabla mtu mwingine hajaiandika kwa niaba yako."

"Ndiyo, Profesa."

"Na utaandika kwamba miaka haifanani. Mvua ya mwaka jana si ya mwaka huu. Ng'ombe wako wa zamani hawawezi kuwa kundi kamili la kulinganishia."

"Najua."

"Najua unajua. Andika."

*

Ijumaa alasiri Sirad alikwenda Kajiado. Aliniomba nimpeleke kwa sababu hakujiamini kuendesha. Mzee Dubow alikuwa na duka dogo la magunia ya sukari na chumvi ya mifugo, lakini riziki yake ilikuwa ng'ombe. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akingoja adhana, tende tatu zikiwa kwenye sahani. Tuliketi naye. Ilipoadhiniwa walifungua saumu, wakaenda kusali, na waliporudi Sirad hakungoja chai.

"Aabo, Aprili ulinunua ng'ombe mwekundu kutoka kwa Lesiamon wa Kitengela."

"Pembe moja chini," baba akasema. "Alilala chini kabla ya lori kufika Isinya."

"Ulijua ni mgonjwa?"

"Nilijua alipolala. Nilipomwangalia macho nikajua ni ugonjwa gani, na nikajua mwenyewe alikuwa anajua."

"Na mimi nilikuwa nakwenda kwake mwaka mzima! Mbona hukuniambia?"

Mzee alichukua kikombe akakipuliza. "Ungeenda?"

Sirad alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, si kutafuta jibu la kumpendeza baba. "Labda nisingeenda."

"Haya," akasema mzee, akanisogezea mimi sahani ya sambusa. Hawakulizungumzia tena mbele yangu. Lakini najua kwamba Lesiamon alikuja Kajiado kabla ya Idi, akaingia dukani, na wazee wale wawili walikaa ndani karibu saa nzima.

Barua ya kamati ilitoka siku ya tatu baada ya Idi. Sirad hakutaka kuifungua ofisini. Aliifungulia maabarani, amesimama kati ya jokofu na meza yangu. Walikuwa wamekubali, lakini kwa maboma matatu badala ya sita, na muda wa kazi miezi mitano. Chini Profesa Odero alikuwa ameongeza kwa mkono kwamba wajumbe wawili walipinga, pamoja na mkuu wa kitivo.

Alikaa chini. Nilidhani atafurahi. "Maboma matatu," akasema. "Nitamwambia nani abaki nje?"

Alikwenda mwenyewe kuwaambia. Wote sita walimsikiliza, wakasema sawa, na msimu ulipofika wote sita wakangoja saa nne, aliyeandikwa na asiyeandikwa. Sirad hakuwakataza. Aliwafuata wote, matatu kwa mafuta ya chuo na matatu kwa mafuta yake, na mimi nilikwenda naye kila Jumamosi kuchukua damu.

Ilikuwa miezi ya kusubiri kwa hofu. Ng'ombe walilia zizini asubuhi kwa njaa, na wenyewe walisimama wakitazama nyasi zenye umande na nyumbu juu yake, mikono yao ikiwa kwenye lango. Wiki ya pili ya Machi ng'ombe wa Lesiamon alipata homa. Sirad alilala kwao siku mbili akimchunguza. Alikufa. Akafuata mwingine boma la pili. Kila simu ilipolia niliona bega la Sirad likipanda. Mpaka mwisho wa Mei maboma sita yalikuwa yamepoteza ng'ombe saba. Wastani wa misimu mitatu ya nyuma ulikuwa zaidi ya ishirini na tatu.

Katika ripoti aliandika kwamba huenda ni jua, na huenda mwaka ule nyumbu walizalia upande mwingine, na hawezi kusema kwa uhakika. Profesa Odero alimpigia simu kumwambia ni ripoti nzuri. Mwaka uliofuata Sirad aliomba tena, akanyimwa: mada hiyo, walisema, ilikwisha kupewa fungu lake.

Aliendelea kwenda hivyo hivyo. Alipata shahada yake ya uzamivu mwaka 2006, kwa ugonjwa mwingine kabisa, wa mbuzi. Lesiamon aliuza kipande cha shamba, akabakiwa na ng'ombe kumi na wanne, na bado aliwatoa saa nne kila msimu. Mara ya mwisho niliyokwenda na Sirad ilikuwa Februari 2007. Tulizunguka tangu asubuhi mpaka alasiri, tukirudi nyuma kila tulipokuta ua wa waya, tukahesabu nyumbu hamsini na watatu tu. Kisha tukaenda kunywa chai kwa Kakenya.